Maswali ya Jikoni: Skonzi, keki ya mkaa na mayai ya Pasaka

Kwa makanisa mengi ya kwetu Pasaka huangukia kati ya Machi 22 na Aprili 25, yaani katikati ya masika. Unga unavuta unyevu, sukari inashikana na mkaa unalowa. Barua za safari hii karibu zote zinalaumu unga au hamira. Tumezisoma moja moja, na mara nyingi tumeona kosa liko kwenye joto. Katika majibu yetu kikombe ni cha mililita 250, kijiko kikubwa ni mililita 15 na kidogo ni mililita 5.

Shikamooni. Kila Ijumaa Kuu natengeneza skonzi za msalaba na kila mwaka zinatoka nzito, ndani zimeshikana. Hamira nanunua mpya. Maziwa nayachemsha na kuyamimina yangali moto ili donge liumuke haraka. Mdalasini tunaupenda, natia vijiko vitatu vikubwa kwa nusu kilo ya unga. Nakosea wapi? (Mama wa watoto watatu, Morogoro)

Marahaba, mama. Makosa ni mawili na yote umeyataja mwenyewe. Hamira ni kitu hai. Ikifikia nyuzi joto 55 au 60 hufa, na maziwa yaliyotoka kuchemka yako mbali juu ya hapo. Yaache yapoe mpaka yawe kama maji ya kumwogeshea mtoto mchanga. Chovya kidole: usihisi moto wala baridi. Kosa la pili ni mdalasini. Mafuta yake huidhoofisha hamira, kwa hiyo vijiko vitatu vikubwa vinalilaza donge hata kama maziwa yalikuwa sawa. Tumia vijiko vidogo viwili tu, na harufu inayopungua ijazie kwa iliki na kungumanga.

Kwa skonzi 12 chukua unga wa ngano gramu 500 (vikombe 4), sukari gramu 75, hamira ya chenga gramu 7, chumvi kijiko kidogo 1, mdalasini vijiko vidogo 2, iliki ya kusaga kijiko kidogo 1, kungumanga robo kijiko, maziwa ya uvuguvugu mililita 250, yai 1, siagi laini gramu 50 na zabibu kavu gramu 120. Chumvi iweke upande mmoja wa bakuli na hamira upande wa pili, kisha changanya. Maziwa usiyamwage yote. Bakiza vijiko vikubwa vitatu uone kwanza donge linataka nini, maana unga wa masika huwa tayari umekunywa maji.

Kanda dakika 10 hadi 12. Siagi itie baada ya dakika tano za mwanzo. Donge likiwa tayari hunata kidogo kwenye kidole lakini halibaki hapo. Kata kipande kidogo ukivute kwa vidole vya mikono miwili: kikitanuka kuwa utando mwembamba unaopitisha mwanga bila kuchanika, acha kukanda. Kikikatika mapema, ongeza dakika tatu. Wengi huchoka hapa na kuongeza unga, na ndiyo maana skonzi zao zinafanana na matofali.

Zabibu ziloweke kwa maji ya uvuguvugu dakika 10, zikaushe kwa kitambaa, ndipo uzikunje ndani ya donge lililokwisha kukandwa. Zikiingia kavu zitanyonya maji ya donge, na zikiingia mapema zitalichana. Funika, subiri liwe mara mbili. Kwa joto la Morogoro ni kama saa moja. Gawa sehemu 12, viringa, panga kwenye trei zikiachana upana wa kidole, funika tena dakika 30 hadi 45. Bonyeza moja kwa kidole: shimo likirudi polepole, choma. Likirudi upesi, bado. Lisiporudi kabisa, umechelewa, zitanywea kwenye oveni.

Msalaba ni unga vijiko vikubwa 5 na maji vijiko vikubwa 3 au 4, uji mzito unaodondoka polepole. Uchore kwa koni ya karatasi ya kuokea, mstari mmoja kukatiza safu nzima, kisha wa pili kukatiza wa kwanza. Ukiwa mwepesi mno utatiririka na kupotea. Oveni nyuzi 200, dakika 18 hadi 20, na ukigonga skonzi kwa chini itoe sauti ya kitu kitupu. Zikitoka tu, zipake shira ya sukari na maji vijiko viwili viwili iliyochemka. Shira ya moto juu ya skonzi ya moto inang'aa. Skonzi ikipoa kwanza, shira hubaki inanata siku nzima.

Napika keki kwa jiko la mkaa, sufuria na mchanga. Chini inaungua, juu ni mbichi, katikati inazama. Nifanyeje? (Kijana anayejitegemea, Tabora)

Punguza mkaa wa chini. Wengi hujaza jiko kama wanachemsha maharage, kisha huweka makaa matatu juu ya kifuniko. Fanya kinyume: theluthi moja chini, theluthi mbili juu. Joto la chini linapitia mchanga na bati na kuigusa keki moja kwa moja, la juu linapaswa kuvuka nafasi ya hewa.

Mchanga uwe mkavu, uliochekechwa, kina cha sentimita 3 kwenye sufuria nene. Funika uupashe dakika 15. Kisha jaribu: nyunyiza kijiko cha unga kwenye kifuniko cha kopo, kiweke juu ya mchanga, funika, hesabu dakika 5. Unga ukiwa na rangi ya dhahabu, weka keki. Ukiwa mweusi, toa makaa usubiri. Ukibaki mweupe, ongeza. Kipimo hiki ni cha zamani, na kwa mtu asiye na kipimajoto hatujui kilicho bora zaidi.

Kwa bati la sentimita 20: siagi au majarini gramu 200, sukari gramu 200, mayai 4 yasiyotoka kwenye friji muda huo huo, unga gramu 225, beking pauda vijiko vidogo 2 vya kusawazishwa kwa kisu, maziwa vijiko vikubwa 3, vanila. Piga siagi na sukari kwa mwiko dakika 10 mpaka iwe nyeupe na nyepesi. Hewa unayoiingiza hapo ndiyo inayoinua keki. Tia yai moja moja. Mchanganyiko ukikatika kama maziwa yaliyoganda, tia kijiko cha unga uendelee. Unga wote ukishaingia, kunja tu, usipige tena. Bati lijae theluthi mbili, si zaidi.

Kuzama katikati kuna sababu tatu: kufunua kabla ya dakika 30, beking pauda kuzidi, au kutoa keki kabla haijaiva. Hewa iliyonaswa ndani hutanuka kabla mayai na unga havijakaza. Ukifunua, joto linashuka, hewa inanywea na kuta hazijapata nguvu ya kusimama. Iangalie kwanza dakika ya 40. Chomeka kijiti katikati, kikitoka kikavu imeiva. Nyingi huhitaji dakika 45 hadi 55.

Mkaa uliolowa toa moshi wote nje kwanza, mpaka makaa yafunikwe na majivu meupe, la sivyo keki itanukia moshi. Na tunakuomba sana: mvua ikinyesha usiingize jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Hewa yake ya sumu haina harufu na inaua. Pikia barazani, au chini ya paa lililo wazi pembeni.

Dada wa Nairobi aliyeandika kwamba keki iliyokuwa nzuri alipokuwa Mombasa sasa inafura na kuporomoka asome hayo hayo, kisha aongeze hili: Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari. Hewa ya huko inakandamiza kwa nguvu ndogo kuliko ya pwani, hivyo keki inafura upesi kuliko inavyokaza. Punguza beking pauda kutoka vijiko 2 hadi kimoja na nusu, punguza sukari kijiko kikubwa kimoja, ongeza maziwa vijiko vikubwa viwili.

Watoto wanataka kupaka mayai rangi lakini sitaki rangi za dukani. Mayai yangu ni ya kahawia. Itawezekana? (Mwalimu wa shule ya Jumapili, Moshi)

Inawezekana, mwalimu, na maganda ya vitunguu maji ndiyo yanayofaa kuliko yote kwa yai la kahawia. Kusanya maganda makavu ya vitunguu 10 au 12, yachemshe kwa lita moja ya maji dakika 30, chuja, acha yapoe, tia siki vijiko vikubwa 2. Ingiza mayai kwenye maji hayo ya baridi, yachemke taratibu dakika 10, na yaache humo yapoe. Yatatoka mekundu ya kuiva, kama udongo wa Kilimanjaro baada ya mvua. Siki hulainisha uso wa ganda ili rangi ishike. Ukizidisha utaona povu na ganda linakwaruka mabaka.

Watoto watapenda hili: lowesha yai, bandika jani la giligilani, lifunge kwa kipande cha soksi ya nailoni, vuta kikaze, piga fundo, kisha chemsha kwenye rangi. Ukifungua, jani limejichora kwa rangi ya ganda la awali. Soksi ikilegea, rangi inapenya chini ya jani na picha inapotea. Yakikauka yapanguse kwa tone la mafuta ya kupikia, yatang'aa.

Manjano vijiko vikubwa 2 kwa lita moja hutoa dhahabu iliyokolea. Kabichi ya zambarau hutoa buluu, na hilo huwashangaza wengi: rangi yake hubadilika inapogusa chokaa ya ganda. Lakini inahitaji yai jeupe na kulowekwa usiku kucha kwenye friji.

Yai huchanika likitoka kwenye friji na kutumbukizwa kwenye maji yanayotokota. Kuhusu kumenya, yai lililotagwa jana ni gumu kumenya kwa sababu ute wake umeng'ang'ania utando. Tumia mayai ya wiki moja. Mduara wa kijani kuzunguka kiini ni alama ya kuchemsha kupita kiasi tu, hauna madhara. Yai lililochemshwa likikaa nje zaidi ya saa mbili, lisiliwe, na siku ya joto kali fanya saa moja. Yale ya kufichwa bustanini yawe ya kuchezea, ya kula yabaki kwenye friji, yatafaa hadi wiki.

Hapa kwetu mayai ya chokoleti yanayeyuka kabla hatujarudi kanisani. Kuna kitu kingine cha kutengeneza? (Bibi wa wajukuu sita, Mombasa)

Shikamoo bibi. Chokoleti hulainika karibu na nyuzi 30 na huyeyuka kwenye 34 hivi, hivyo Mombasa haina nafasi nje ya friji. Tengeneza kashata za umbo la yai. Nazi iliyokunwa kwenye mbuzi vikombe 3, sukari vikombe 2, maji nusu kikombe, iliki kijiko kidogo 1, chumvi chembe. Nazi ikaange kavu dakika 5 kwa moto mdogo, isibadilike rangi. Chemsha sukari na maji mpaka tone likidondoshwa kwenye kikombe cha maji baridi likusanyike kuwa kigololi laini unachoweza kukishika. Likiyeyuka na kutawanyika, bado. Ukiiepua hapo, kashata zako hazitaganda hata ukizisubiri hadi Jumatatu. Tia nazi na iliki, koroga mpaka donge liachane na kuta za sufuria.

Paka siagi vijiko viwili vya supu, jaza vyote, gandamiza kimoja juu ya kingine kungali na moto, sogeza yai litoke. Fanya upesi, dakika 10 zikipita linavunjika. Ukitaka rangi ya waridi, badili vijiko viwili vya maji kwa maji ya kiazisukari. Zikipoa ziingie kwenye kopo lenye mfuniko siku hiyo hiyo, maana unyevu wa masika utazifanya zitoe jasho.

Mbuzi tunamchinja alfajiri ya Jumapili na nyama inakuwa ngumu. (Baba wa familia, Machakos)

Mchinjeni Jumamosi asubuhi. Misuli ya mnyama hukakamaa saa chache baada ya kuchinjwa na hulegea polepole baadaye. Mnachoma ikiwa kwenye ukakamavu wenyewe. Nyama ining'inie kivulini penye upepo, imefunikwa kitambaa safi, kisha ilale kwenye friji ikiwa vipande vikubwa. Kama hamna friji, chinjeni Jumapili lakini msichome: chemsheni kwa moto mdogo saa moja na nusu hadi mbili. Papai bichi lililokunwa vijiko vikubwa 2 kwa kilo 2 linasaidia, kwa saa mbili tu. Likilala na nyama usiku mzima, uso wake unakuwa uji na ndani kunabaki kugumu vilevile.