Kiwashio kipi kwa injini ya ndege ndogo ya mfano inayotumia methanoli?

Ndugu, umeuliza kama ununue kiwashio (kifaa chenye betri cha kupasha moto plagi wakati wa kuwasha injini) chenye mita ya umeme au ujiungie tu betri ya simu kwenye plagi, ile yenye waya mwembamba wa platinamu unaowasha mafuta. Hiyo ya simu achana nayo kabisa. Ni lithiamu ya volti 3.7, na plagi hizi zinataka kama volti 1.2 hadi 1.5; ukiigusisha moja kwa moja, waya wa ndani unakatika papo hapo. Lithiamu inafaa pale tu kiwashio kina saketi ya kupunguza umeme.

Chukua chenye mita, hata kama bei imezidi kidogo. Plagi nyingi zinavuta karibu ampea 3. Sindano ya mita isiposogea kabisa, ama waya wa plagi umekatika ama kichwa cha kiwashio hakijashika vizuri. Ikisogea kidogo tu, kachaji betri. Bila mita utazungusha propela mpaka mkono uchoke, hujui kosa liko wapi. Ukiwa na shaka, fungua plagi uiunganishe nje: waya ung'ae rangi ya chungwa iliyokolea, siyo wekundu hafifu. Usiishike kwa vidole, inachoma.

Kwa kiwashio, betri ya NiMH (aina ya betri ya kuchaji) ya seli moja inatosha sana.

Angalia na urefu wa shingo ya kiwashio. Kama injini imefunikwa, kiwashio kifupi hakifiki. Na injini ikishawaka, kichomoe ukiwa nyuma ya propela, usipitishe mkono juu yake hata siku moja. Plagi itaendelea kuwaka yenyewe, kwa joto la injini na platinamu inavyokutana na methanoli.