Re: Sarafu ya Optimus Prime ni pesa kweli?
Mkuu, umeuliza kama hiyo sarafu ya 2019 ya Optimus Prime, yule roboti wa filamu na matoi ya Transformers, unayotaka kuagiza ni pesa kweli au ni toi tu la watu wazima. Kisheria ni pesa, ila ya Tuvalu, vile visiwa vya Pasifiki vinavyotumia dola ya Australia, na imetengenezwa na Perth Mint, kiwanda cha sarafu cha Australia, kwa leseni ya Hasbro, kampuni ya matoi yenye Transformers. Imeandikwa dola 1 lakini nani ataenda kuinunulia soda wakati ndani kuna wakia nzima ya madini ya fedha (silver), gramu 31 na ushee!

Sasa hapo kwenye bei ndo uwe makini, unalipia hiyo silver, jina la Transformers, rangi na boksi, so kabla hujatuma hela cheki wakia ya silver inaendaje siku hiyo, kinachozidi hapo ni ushabiki na kinarudi ukimpata shabiki mwenzio tu, sonara yeye anaweka kwenye mzani na mambo ya maroboti hayamhusu kabisa.

Ikifika usiitoe kwenye kile kikopo chake cha plastiki, wala usiisugue hata kwa kitambaa laini, inakwaruzika fasta. Cheti chake cha uhalisi nacho usitupe, mnunuzi atakiulizia.