Muulize Fundi: Plagi ya Moto au ya Baridi?

SWALI: Shikamoo fundi. Pikipiki yangu ya Kichina, CC 125, nimeichonga silinda nikavalisha pistoni kubwa, na hedi (kifuniko cha silinda) imekatwa ili ibane hewa na mafuta zaidi. Mjini inakimbia vizuri. Nikipandisha Kalinzi na abiria inagonga kama kokoto kwenye kopo, nguvu inaisha. Plagi ni D8EA ya NGK. Mwenzangu kijiweni anasema nifunge D7EA, plagi ya moto, ichome mafuta vizuri. Nifanyeje?
Dereva wa bodaboda, Mwandiga, Kigoma

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Hiyo D7EA usiifunge kabisa.

Nakwambia kwa uchungu, maana niliwahi kuifunga mwenyewe kwenye pikipiki ya mteja iliyochongwa kama yako. Ilirudi kwangu juu ya guta, pistoni imetoboka katikati. Silinda ile nilimlipia.

Plagi ya moto haitoi cheche kali zaidi. Umoto wake ni ule wa kukawia kupoa. Tazama kauri nyeupe iliyo ndani ya mdomo wa plagi: ikiwa ndefu, joto lina safari ndefu kufika kwenye nyuzi za kufungia na washa (ile pete ya chuma ya plagi) ili liingie kwenye hedi, basi ncha inabaki na moto. Ikiwa fupi, joto linatoka upesi, na hiyo ndiyo plagi ya baridi. Ncha inatakiwa kuzidi nyuzijoto 450 hivi za Selsiasi ili iunguze masizi yake. Ikikaribia 850, inawasha mafuta kabla ya cheche, na hapo ndipo pistoni huyeyuka. Injini yako inabana zaidi, kwa hiyo inazaa joto zaidi. Inataka D9EA, hatua moja tu. Hatua hiyo hushusha joto la ncha kwa nyuzijoto 70 hadi 100. Ukiruka mbili, utakuwa unasafisha masizi kila ukitoka Mwanga kwenda Ujiji polepole.

Dukani angalia jina. Kwa NGK na Denso namba ikipanda plagi ni ya baridi zaidi. Kwa Bosch ni kinyume. Herufi E pia usiibadilishe: ni urefu wa sehemu yenye nyuzi za kufungia, milimita 19. Plagi yenye nyuzi ndefu kupita hizo inaweza kugongana na pistoni.

Lakini plagi peke yake haitaponya injini inayopata mafuta kidogo. Ulipoongeza pistoni, jeti kuu ya kabureta, yaani kitundu kinachopima mafuta, uliibadilisha? Na mpira unaounganisha kabureta na hedi haujapasuka? Kagua hivyo kwanza.

Kisha funga plagi mpya injini ikiwa baridi: ikaze kwa vidole mpaka washa iguse, halafu nusu mzunguko kwa spana. Panda Kalinzi na mzigo wako wa kawaida. Ukiwa bado kwenye mlima, zima injini papo hapo huku umeshika klachi, kaa pembeni ipoe, uifungue. Usisubiri ufike nyumbani, kwani ikinguruma bila mzigo rangi inabadilika. Kauri ya kahawia hafifu ni salama. Nyeupe kama chokaa, ongeza jeti. Ukiona vipunje vinavyong'aa, hiyo ni alumini ya pistoni yako: usiiwashe tena, ipakie kwenye gari.

Rangi ikiwa nzuri na bado inagonga, hedi ilikatwa mno. Weka gasketi ya hedi iliyo nene zaidi.