Jibu: Maua ya vigae vya Isfahan yalichorwa au yalikatwa?
Umeuliza kama maua na maandishi kwenye vigae vya misikiti ya Isfahan, mji wa Iran, yalichorwa kwa brashi. Inategemea ni ya lini. Mengi ya zamani hayakuchorwa kabisa, yalikatwa.

Chukua mihrabu (kishubaka cha ukutani kinachoonyesha kibla) ya Madrasa Imami ya Isfahan, ya mwaka 1354 hivi, ambayo sasa iko makumbusho ya Metropolitan, New York. Ina kimo cha zaidi ya mita 3. Mafundi walichoma vigae vya rangi moja moja: buluu iliyokoza, feruzi, nyeupe. Kila rangi ilipata moto wake tanurini, ndiyo maana haziingiliani. Kisha kigae kilikatwa kwa kufuata mchoro, kingo zikasuguliwa hadi vipande vishikane, vikapangwa kifudifudi na kumwagiwa plasta mgongoni. Zitazame herufi kwa karibu: hata tundu la herufi ya Kiarabu wau limejazwa kipande chake. Hapo mimi huishiwa maneno.

Brashi ilishika kasi baadaye. Msikiti wa Shah, pia wa Isfahan, ulianza kujengwa 1611, kuta ni kubwa ajabu na mfalme, Shah Abbas, hakuwa mtu wa kusubiri. Sehemu kubwa ikawekwa haft rangi, yaani rangi kadhaa juu ya kigae kimoja, zikitenganishwa kwa mstari wenye mafuta, zikachomwa pamoja. Kazi nyepesi zaidi, ila kwa macho yangu buluu yake haina kina.

Ukitaka kuzitofautisha, angalia viungo. Vikifuata ukingo wa ua, vigae vimekatwa. Vikipasua ua katikati kwa miraba iliyonyooka, vimechorwa.