Nani Atamkorogea Bibi Uji? Majibu ya Maswali Yenu Kuhusu Uzee

Nilipowaomba mniulize lolote kuhusu uzee na jinsi tutakavyolea wazee wetu miaka ijayo, sikudhani simu yangu ingejaa hivi. Nimechagua maswali matano. Mengine yamefanana na haya, kwa hiyo usipoona lako, tafuta la mwenzio.

Shikamoo mama. Darasa la mdogo wangu lina watoto zaidi ya mia, wengine wanakaa chini. Halafu unatuambia jamii inazeeka. Inazeekaje? (Msomaji, Morogoro)

Marahaba mwanangu. Ulichokiona darasani ni kweli. Sensa ya 2012 ilituhesabu watu 44,928,923, ya 2022 ikatukuta 61,741,120. Tumeongezeka karibu milioni 17 katika miaka kumi, na walio wengi ni watoto na vijana.

Ila wale watoto mia waliobanana darasani nao watakuwa wazee siku moja, tena kwa pamoja, na wao watakuwa wamezaa wachache kuliko mama zao. Tazama Kenya. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke mmoja alizaa kwa wastani watoto 8. Utafiti wa 2022 ulikuta 3.4. Tanzania mwaka huohuo ilikuwa 4.8, na inashuka. Maana yake bibi aliyekuwa na watoto wanane wa kupokezana kumlea, mjukuu wake atakuwa nao watatu, mmoja yuko Dodoma, mwingine Oman.

Halafu kuna suala la kasi. Ufaransa ilichukua miaka 115 mpaka watu wenye miaka 65 na kuendelea wakatoka asilimia 7 ya watu wote wakafika 14. Japani ilimaliza safari hiyo kwa miaka 24. Wanaoanza nyuma hukimbia zaidi. Wafaransa walizeeka huku wakijenga hospitali na mifuko ya pensheni polepole. Mimi naogopa kwamba sisi uzee utatukuta bado tunatafuta madawati.

Japani ina hela. Kwa nini serikali isiwalipe watu wazae, mambo yakaisha? (Msomaji, Arusha)

Inawalipa, na bado. Mwaka 2023 wastani wa Japani ulikuwa mtoto 1.20 kwa mwanamke, Korea Kusini 0.72. Kijana anayetoka kazini saa nne usiku, anayelipa kodi kubwa ya nyumba na anayejua gharama za kusomesha mtoto, posho haimbadilishi mawazo kirahisi.

La kuwaiga Wajapani ni jingine. Tangu mwaka 2000 wana bima ya matunzo. Kila mtu akifika miaka 40 anaanza kuchangia, na siku akishindwa kuoga mwenyewe, anakuja nyumbani mtu aliyefunzwa kazi hiyo. Walikubali kwamba kumwogesha mzee ni kazi yenye ujuzi na yenye mshahara. Kwetu bado tunaiita wajibu wa binti.

Mimi ni fundi wa pikipiki, nina miaka 41. Sina mwajiri. Pensheni si ya walimu na askari tu? (Msomaji, Kahama)

Hapana. NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, inaandikisha waliojiajiri: mafundi, mama lishe, bodaboda, wakulima. Namba ya kukumbuka ni 180, yaani miezi ya michango inayotakiwa ili ulipwe pensheni ya kila mwezi. Ni miaka 15. Ukianza leo na 41 yako, ukichangia bila kuruka, utaifikia ukiwa na 56. Ukingoja mpaka 50, utachangia hadi 65, na mgongo wa fundi wa pikipiki unaujua mwenyewe. Kikoba endelea nacho, kinakuokoa ada za Januari, lakini kikoba kinagawanywa mwisho wa mwaka na uzee haungoji mwisho wa mwaka. Nenda wiki hii, wala usisubiri kazi ichanganye.

Mama, mama yangu ana miaka 79. Anaficha sahani chini ya kitanda, anamuulizia marehemu baba, usiku anafungua mlango anataka "kwenda kwao". Majirani wananong'ona. Kaka zangu watatu wanasema mimi ndiye binti, nikae naye. Nimeacha biashara yangu ya vitenge. Nimechoka na naona dhambi kusema nimechoka. (Msomaji, Mbagala)

Mwanangu, hapo siyo dhambi. Nimeisoma barua yako mara tatu.

Kwanza hayo ya majirani. Anachofanya mama yako kinafanana na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, si uchawi wala kurogwa. Nalisema kwa sauti kwa sababu nchi hii ina damu ya vikongwe. Kule Usukumani akina bibi wameuawa kwa kushukiwa uchawi kisa macho mekundu, wakati macho yale yameunguzwa na moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe cha kupikia, miaka na miaka. Anayenong'ona mwite kibarazani, mweleze, mbele ya mjumbe ikibidi.

Pili, mpeleke hospitali akapimwe. Kuchanganyikiwa kwa mzee wakati mwingine huletwa na maambukizi ya njia ya mkojo, upungufu wa vitamini, tezi ya shingo au dawa zinazogombana, na hayo yanatibika. Beba dawa zake zote kwenye mfuko mmoja, hata za mitishamba. Tanzania ina utaratibu wa matibabu bila malipo kwa wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, ulizia dirisha la wazee.

Akimuulizia baba yako, usimwambie kila mara kwamba amekufa, maana kila mara anafiwa upya. Shangazi yangu alikuwa akidai kwenda kwao saa nane za usiku. Nilibishana naye miezi. Siku moja nikamvisha kanga, nikamshika mkono, tukazunguka nyumba mara mbili kwenye mbalamwezi, tukarudi mlangoni. Akaniambia, "Haya, tumefika," akalala hadi asubuhi. Mlangoni funga kengele ndogo, ile ya mbuzi inatosha.

Sasa hao kaka zako. Kutuma elfu thelathini na kupiga simu Jumapili siyo kulea. Itisha kikao cha ukoo, uwe na daftari: kuamka usiku mara ngapi, nguo ngapi za kufua, hela ngapi za pampasi, mauzo mangapi ya vitenge yamepotea. Kisha kila kaka apewe kazi yenye jina lake. Mmoja anunue dawa na pampasi. Mmoja alipe msichana wa kukusaidia mchana ili urudi sokoni. Mmoja aje alale hapo Ijumaa na Jumamosi, yeye mwenyewe, asimtume mkewe. Tunajisifu kwamba Mwafrika hamtupi mzee wake. Mara nyingi aliyembeba huyo mzee ni mwanamke mmoja kimyakimya, sisi wengine tunashika sifa.

Habari mama. Mimi ni muuguzi, Nakuru. Nimepata nafasi ya kulea wazee Ujerumani. Baba ana miaka 76, ni mgane, anaishi peke yake. Naona aibu kwenda kuwaogesha wazee wa watu nikimwacha wangu.

Nzuri mwanangu. Wewe si wa kwanza wala hutakuwa wa mwisho. Kenya na Ujerumani zilitia saini makubaliano ya wafanyakazi Berlin, Septemba 2024, na Ujerumani inawahitaji kwa sababu wazee wake ni wengi na vijana hawatoshi. Nenda. Ila panga kabla ya kukata tiketi.

Baba ameshafika 70, kwa hiyo angalia kama yumo katika Inua Jamii, mpango wa serikali ya Kenya wa kuwapa wazee fedha, shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi. Ni ndogo, ila ni yake, na Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 57, inasema mzee anastahili matunzo ya familia na ya serikali pia. Mhakikishie kitambulisho mapema. Mama yangu alisuka makuti Pangani maisha yake yote. Siku ya kusajiliwa kijana alimfuta vidole, akampaka mafuta, akajaribu gumba, akajaribu shahada, mashine haikuona kitu. Alama zilishaliwa na makuti. Alipoulizwa tarehe ya kuzaliwa akajibu, "Mwaka wa nzige." Tulirudi mara nne.

Kisha tafuta mtu mmoja wa karibu na umlipe kwa mwezi, usimwachie jirani kwa hisani, hisani huchoka. Kaa na baba siku mbili, mwandike dawa zake na saa zake, ubandike karatasi ukutani kwa maandishi makubwa anayoyaona. Mfundishe simu ya video ukiwa bado uko jikoni kwake, yeye sebuleni, mpaka aweze kupokea bila kukuita.