Maswali ya Wasomaji: Kuitazama "The Exorcist" kwa Subira

SWALI: Ndugu Mhariri, salaam. Hivi karibuni niliwaalika wadogo zangu, ambao wote ni watu wazima, tutazame "The Exorcist", filamu ya kutisha ya binti aliyepagawa na pepo, niliyokuwa nimewasifia sana. Saa nzima ilipopita walianza kulalamika kwamba hakuna kinachotokea, na kichwa cha yule binti kilipogeuka walicheka. Je, filamu hii imezeeka, au kuna namna ya kuitazama tusiyoijua?
— Msomaji, Morogoro

JIBU: Filamu haijazeeka, ndugu yangu, kilichobadilika ni matarajio ya watazamaji. Tangu ilipotoka Desemba 1973, kichwa kinachogeuka na matapishi ya kijani vimeigwa mara nyingi mno, kiasi kwamba wengi huiona saa ya kwanza kama foleni ya kufikia vitu hivyo viwili. Mimi naamini kwamba saa hiyo ya kwanza ndiyo filamu yenyewe.

Chris MacNeil, anayeigizwa na Ellen Burstyn, ni mama asiye na dini anayeishi kwa muda mtaa wa Georgetown, mjini Washington, pamoja na binti yake Regan mwenye umri wa miaka 12. Mtoto anapoanza kubadilika, mama hamkimbilii padri bali anakwenda hospitalini, na mwongozaji William Friedkin anatulazimisha kwenda naye: sindano inachomwa shingoni, damu inaruka, mashine inagonga kwa kishindo, na madaktari wanaeleza kwa upole kwamba huenda kuna hitilafu kwenye ubongo. Kwangu hakuna tukio gumu kulitazama kuliko hilo, ingawa ndani yake pepo haonekani wala hasikiki. Madaktari wanapokwama, ni wao wenyewe wanaomtajia mama habari za kupunga pepo, tena kama njia ya kumtuliza mgonjwa anayeamini kwamba amepagawa.

Ndipo anapoingia Padri Damien Karras, aliyeigizwa na Jason Miller. Huyu ni Mjesuiti, yaani padri wa shirika moja la Kanisa Katoliki, na daktari wa magonjwa ya akili, ambaye imani yake inamponyoka na ambaye hajajisamehe kwa kuwa mama yake mzazi alifariki akiwa peke yake huko New York. Karras hataki kuamini. Anamnyunyizia Regan maji ya bomba huku akimwambia kwamba ni maji ya baraka, na binti anagaagaa kwa maumivu. Mtazamaji mwenye haraka hupata hapo uthibitisho kwamba pepo yupo. Karras anapata sababu ya kutilia shaka, kwa kuwa maji yale hayakubarikiwa. Filamu inaipa shaka nafasi yake yote, inaiacha itumie kila hoja iliyo nayo, na kwa sababu hiyo hoja zinapokwisha mtazamaji naye hana tena pa kukimbilia.

Nina ombi moja pia: msiitazame kwa spika za simu. Filamu hii iliteuliwa kuwania tuzo 10 za Oscar, ikawa filamu ya kutisha ya kwanza kuwania tuzo ya filamu bora, na ikashinda mbili, ya mswada na ya sauti. Sauti ya pepo ni ya Mercedes McCambridge, mwigizaji mkongwe wa michezo ya redio, aliyevuta sigara na kumeza mayai mabichi ili koo lake likwaruze vile. Mlio wa shingo ikigeuka, ule ambao wadogo zako waliucheka, ulitokana na pochi kuukuu ya ngozi iliyonyongwa karibu na maikrofoni. Muziki ni mchache mno, na ndiyo maana kila mkwaruzo darini unasikika. Hata mvuke unaotoka vinywani mwa makasisi ni wa kweli, kwa kuwa chumba cha Regan kilipozwa kwa mitambo hadi chini ya nyuzi sifuri.

SWALI: Mhariri, shikamoo. Huku kwetu pwani pepo huulizwa jina lake, kabila lake na anachotaka. Hufukiziwa ubani na kupigiwa ngoma hadi yapatikane maelewano. Mbona katika "The Exorcist" Padri Merrin, kasisi mzee anayeongoza kazi ya kumpunga pepo, anakataza kabisa kuzungumza naye?
— Mama msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, mama. Umegusa jambo ambalo wahakiki wengi wa Ulaya na Marekani hawana namna ya kuliona. Kwenye uganga wa pwani, pepo mara nyingi ni mgeni mwenye haja zake, na mganga ni msuluhishi kati yake na mwenye mwili. Merrin, anayeigizwa na Max von Sydow, anafuata utaratibu wa Kanisa Katoliki uliochapishwa Roma mwaka 1614, unaomtaka kasisi asiwe mwepesi wa kuamini kwamba mtu amepagawa, na anapokwisha kuamini asiingie katika maongezi yasiyo ya lazima. Kwake yeye hakuna suluhu ya kutafutwa, kwa sababu anayezungumza ni mwongo anayechanganya uongo na ukweli ili aumize. Filamu inathibitisha onyo hilo kwa ukatili: pepo anatumia sauti ya marehemu mama yake Karras, Karras anajibu, na Merrin analazimika kumtoa chumbani. Kwa anayejua mapatano ya ubani na ngoma, ukimya huo unaoamriwa na Merrin unatisha zaidi, kwani unafunga mlango ambao kwetu huachwa wazi.

SWALI: Je, ni kisa cha kweli? Na kati ya toleo la 1973 na lile la 2000, nianze na lipi?
— Msomaji, Nakuru

JIBU: Mwandishi William Peter Blatty alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Georgetown mwaka 1949, gazeti la Washington Post liliporipoti habari za mvulana wa jimbo la Maryland aliyeombewa na makasisi. Riwaya yake ya 1971 ilichipuka hapo, lakini Regan, Chris na Karras ni watu wa kubuni.

Anza na toleo la 1973. Lile la 2000, lenye nyongeza ya dakika 10 hivi, limewekewa sura za pepo kwa kompyuta mahali ambapo giza lilitosha. Limerudisha pia mazungumzo ya makasisi wawili ngazini, ambapo Merrin anaeleza kwamba shabaha ya pepo ni kutukatisha tamaa, tujione hatustahili kupendwa na Mungu. Ni maneno mazito, na Blatty aliyapigania. Hata hivyo, katika toleo la kwanza makasisi hao wanakaa ngazini bila kusema neno, wamechoka, na mimi hulielewa lengo la pepo kwa kuzitazama nyuso zao tu. Litazame lile la 2000 baadaye, ukishalijua la kwanza vizuri.