Maswali Yenu ya Hesabu: Mpe x Namba

Mwalimu, hujambo. Kijana wangu yuko Gredi ya 8. Aliandika 3x + 2x² = 5x³ akawekewa kosa. Nikamwambia x ni maembe na x² ni machungwa, hayajumlishwi pamoja. Nilimweleza sawa? (Mama, Umoja)

Kosa ni kosa, mama, mwalimu hakumwonea. Ila hayo maembe yaache Marikiti. x si kitu, ni namba tusiyoijua bado. Ukimwambia ni embe, kesho atakuuliza embe mara embe ni nini, na hapo mtakwama wote wawili.

Mpe namba. Mwambie x iwe 10. Basi 3x ni 30, na 2x² ni 2 mara 100, yaani 200. Jumla ni 230. Jibu lake, 5x³, linatoa 5,000. Atajiona mwenyewe alipopotea.

Hiyo 10 nimeichagua makusudi. Mfanyishe hii: (2x² + 3x + 4) + (x² + 5x + 3). Vya x² pamoja, vya x pamoja, namba tupu pamoja: 3x² + 8x + 7. Sasa weka 10: 234 + 153 = 387. Ni zile zile safu za mamia, makumi na mamoja alizofundishwa akiwa mdogo, na hata wakati huo hakuruhusiwa kujumlisha mamia na makumi kwenye safu moja.

Tafadhali msijaribu na 1. Ukiweka 1, 3x + 2x² ni 5, na 5x³ pia ni 5. Kosa linapita mchana kweupe. Hata kwa 10, majibu kulingana si hakikisho kamili. Yasipolingana, hapo hakuna ubishi.

Kujumlisha naweza. Kutoa ndiko kunaniua. (5x² − 3x + 4) − (2x² − 7x + 1): mimi napata 3x² − 10x + 5, kitabu kinasema 3x² + 4x + 3. (Mwanafunzi, Kawangware)

Kitabu kiko sawa. Wewe umetoa 2x² peke yake, vingine ukavibeba vilivyo. Alama ya kutoa mbele ya mabano inagusa kila kilichomo ndani, na kila kimoja kinageuza alama yake:

5x² − 3x + 4 − 2x² + 7x − 1

Mstari huu uandike, hata kama jirani yako anaufanya kichwani. Alama nyingi za mtihani hupotelea hapa, kwa haraka tu. Kisha kusanya: −3x na +7x ni 4x, 4 toa 1 ni 3. Hakikisha kwa 10: 474 − 131 = 343. Jibu lako linatoa 205.

Nimerahisisha nikafika 7x + 4. Niendelee hadi 11x? (Gredi ya 9, Githurai)

Hapana, hapo umefika. Na usijiongezee "= 0" ili uanze kutafuta x. Swali lilisema rahisisha, basi.

Huyu aliyeleta vinamba vidogo juu ya herufi ni nani? Vinamsumbua binti yangu. (Baba, Kayole)

Mfaransa René Descartes ndiye aliyeueneza mtindo huo kwa kitabu chake cha 1637, pamoja na mazoea ya kuita x, y na z zile namba zisizojulikana. Lakini yeye mwenyewe mara nyingi aliandika xx badala ya x². Binti naye aandike xx na xxx pembeni mwa daftari mpaka macho yazoee. Atakoma kuona x² kama 2x.

4xy na 3yx zinajumlishwa? Na x²y na xy²? (Mwanafunzi, Rongai)

Za kwanza ndiyo, 7xy, kwa kuwa 2 mara 5 na 5 mara 2 ni kitu kimoja. Za pili hapana. Weka x = 2 na y = 5: moja ni 20, nyingine ni 50.